Milango Minne ya Gari la Wagonjwa

Mlango uliomwangusha mkewe, Fundi Vioo aliufunga kwa mikono yake mwenyewe wiki tatu kabla. Alilijua hilo tangu alipomwona akishushwa na pikipiki mbele ya nyumba, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, shavu limechubuliwa na changarawe. Hakuhitaji kuambiwa. Kwa hiyo hakuuliza.

Aliyeuliza ni mama mzazi wa fundi, Bibi wa watoto, aliyekuwa ameketi kibarazani akichambua maharage.

“Nani amekupiga, mwanangu?”

“Sijapigwa, mama. Nimeanguka kutoka gari la kazini.”

“Likiwa limesimama?”

“Linapanda kilima, na ndani tuna mama wa kujifungua. Mlango wa nyuma umefunguka wenyewe.”

“Mlango haufunguki wenyewe,” Bibi akasema. “Mlango si mbuzi.”

“Ndivyo wanavyosema na wao.” Mke wa fundi akaketi kwenye ngazi, akahangaika kwa mkono wa kushoto mpaka akatoa karatasi mfukoni mwa sare yake. “Soma, baba watoto. Mimi nimeisoma mara tatu. Nataka nisikie kama ikisomwa na mtu mwingine itabadilika.”

Fundi Vioo akasoma. Ilikuwa ripoti ya ajali kutoka kituo cha afya alikofanya kazi mkewe kama mhudumu. Chanzo cha ajali: mhudumu hakufunga mlango ipasavyo. Hatua: mhudumu ajitibu kwa gharama zake, siku atakazokuwa nyumbani zisilipwe, na ifikapo Ijumaa alete maelezo ya maandishi kwa nini mkataba wake usivunjwe. Chini palikuwa na sahihi ya Bwana Usafiri, ofisa anayesimamia magari ya vituo vyote vya afya vya eneo lile. Sahihi kubwa, yenye mkia.

“Maelezo ya maandishi,” mkewe akasema, akiinua plasta. “Mkono wa kuandikia ndio huu.”

“Pole,” fundi akasema.

“Nilifunga mimi. Niliuvuta, nikausukuma kwa bega nione kama umeshika. Miaka sita napanda gari lile, leo ndiyo nisahau kufunga mlango? Gari lenyewe siku hizi limerukwa na akili. Dereva anabonyeza kupandisha kioo, kioo kinashuka. Mvua ya juzi mgonjwa kalowa mpaka shuka. Sijui ni fundi gani aliyeligusa. Huyo fundi, Mungu amwone!”

“Amina,” Bibi akaitikia, mikono ingali kwenye maharage.

Anayesoma hapa asiwe na haraka ya kumhurumia Fundi Vioo. Nafasi ya kusema aliipata pale pale, mchana kweupe, na ulimi anao. Badala yake alimshika mkewe bega, akampeleka ndani, akamfungua vifungo vya sare kimoja kimoja kwa sababu mwenyewe hakuweza, akamvalisha gauni la nyumbani, naye mkewe akamwambia asante. Asante! Kisha akatoka nje kwenda kukaza bomba la maji ambalo halikuwa likivuja.

 

Gereji aliyofanyia kazi ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati na udongo mweusi kwa mafuta machafu. Wenzake walishika injini, gia, rangi. Yeye kwa miaka kumi na moja alishika milango tu: vitasa, bawaba, vioo, na mota ndogo zinazopandisha vioo hivyo. Ukimletea mlango uliokufa alikuwa akiutegea sikio kama daktari, anabonyeza swichi, anasikiliza, kisha anakwambia ni mota au ni waya kabla hajashika bisibisi. Jina la Vioo alipewa kwa heshima.

Wiki tatu kabla, Bwana Usafiri alileta magari mawili asubuhi moja. La kwanza lilikuwa gari la wagonjwa la kituo cha afya. La pili lilikuwa lake binafsi. Yote mawili yalikuwa ya aina moja, magari makuukuu ya njia mbaya, marefu ya miguu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya matope na mawe, moja likiwa limemzidi mwenzake miaka miwili. La kituo lilikuwa na milango mizuri, kwani Vioo mwenyewe aliitengeneza upya miaka miwili nyuma, akaitia raba mpya na mota nne. La Bwana Usafiri lilikuwa na milango iliyoliwa na kutu, kioo kimoja kimeshikiliwa na kipande cha mbao.

“Badilisha,” mwenye gereji alimwambia siku ile.

“Bosi, hili ni gari la wagonjwa.”

“Wagonjwa wanapanda gari kutazama vioo? Bwana Usafiri ndiye anayetuletea magari yote ya idara. Akikasirika, hapa tutafuga kuku.”

Akabadilisha. Siku mbili. Bawaba zilipokeana kama ndugu, ila nyaya zilikataa: soketi ya gari moja ilikuwa na nyaya tano, ya jingine sita. Ikabidi akate na kuunga, na kwenye gari la wagonjwa swichi zikatoka kinyumenyume, ukibonyeza juu kioo kinakwenda chini. Alitaka kurudia. Bosi akasema gari linatakiwa saa sita, litoke. Na kitasa cha mlango wa nyuma kushoto kilikuwa kimelika jino lake lote. Akasema, “Bosi, hiki kimekwisha.” Bosi akajibu, “Funga tu.” Basi akakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaushindilia ndani ya kitasa ili jino lipate cha kung'ata. Mpira wa baiskeli! Ndio uliokuwa umemshikilia mkewe na mama wa kujifungua pale kilimani.

Sasa, siku moja baada ya ajali, alimkuta Bosi akinywa chai juu ya tairi.

“Bosi, turudishe ile milango.”

“Milango ipi?”

“Usijitie hamnazo. Mke wangu amevunjika mkono.”

“Nimesikia. Pole sana.” Bosi akapuliza chai. “Lakini mkeo hakufunga mlango. Imeandikwa.”

“Imeandikwa na nani?”

Kabla hajajibiwa, gari la Bwana Usafiri likaingia getini, limeoshwa, linang'aa. Mwenyewe hakushuka. Aliteremsha vioo vyote vinne kwa pamoja, polepole, bila kelele hata kidogo, na Vioo akatambua mlio wa mota zake kama mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe.

“Fundi! Mama anaendeleaje?”

“Amevunjika sehemu mbili, mkuu.”

“Aisee. Mwambie apone haraka. Na siku nyingine mwambie afunge mlango.”

Kioo kikapanda. Fundi Vioo alibaki ameinamia dirisha, mdomo wazi, akitazamana na sura yake mwenyewe kwenye kioo alichokisafisha kwa mkono wake. Nyuma yake mafundi wawili waliguna, mmoja akacheka kidogo halafu akaacha.

 

Siku ya pili alirudi nyumbani mchana. Alimkuta mkewe mezani, kalamu mkono wa kushoto, akiandika maelezo yake kwa wakubwa. Herufi zilikuwa kama nyayo za kuku. Watoto walikuwa shule. Bibi alikuwa kwenye mkeka, akikunja nguo.

“Acha kuandika,” fundi akasema.

“Niache, halafu Ijumaa nipeleke nini? Maombi?”

“Acha. Kitasa kilikuwa kimekwisha. Ni mimi niliyekifunga.”

Akaeleza yote, amesimama, macho kwenye sakafu. Milango minne, mbao kwenye kioo, nyaya tano na nyaya sita, mpira wa baiskeli.

“Ulijua lini?” mkewe akauliza.

“Nilipokuwa nikikifunga.”

“Wiki tatu.”

“Ndiyo.”

“Asubuhi zote hizo mimi navaa sare mbele yako, nakwambia nakwenda kazini, wewe unakunywa chai. Ulijua napanda gari lile?”

“Nilijua.”

“Ukaniambia nini?”

Fundi akaanza kukwangua mafuta kwenye kucha zake.

“Nijibu! Ulikuwa ukiniambia nini pale mlangoni?”

“Kazi njema.”

Mkewe akaitupa kalamu. Ilimpiga fundi kifuani ikaanguka, wala haikumuuma, na hilo likamzidishia mwanamke hasira. Alikasirika mpaka machozi yakamtoka, si ya huzuni hata chembe.

“Na mimi nikaitikia amina,” Bibi akanong'ona kwenye mkeka.

“Nisamehe, mke wangu. Bosi aliniambia...”

“Bosi wako simjui. Mimi nalala na wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nikadhani ni maneno ya khanga.” Akajifuta uso kwa plasta, akajikwaruza, akatukana. “Pole yako sitaki. Msamaha tutauzungumza nikipona. Mimi nataka karatasi inayosema nilifunga mlango. Basi. Mgonjwa yule aliniona nikidondoka. Nusura naye adondoke. Wauguzi wote wananitazama kama mzembe. Nataka karatasi.”

“Nikisema, nitafukuzwa kazi.”

“Wakufukuze. Wewe una mikono miwili.”

 

Ijumaa walikwenda pamoja. Ofisini walimkuta Daktari Mkuu, mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe. Bwana Usafiri alikuwa kitini. Bosi alikuwa kitini. Dereva wa gari la wagonjwa, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alisimama kando ya kabati. Mke wa fundi hakupewa kiti, akaegemea ukuta na mkono wake.

Fundi Vioo akasema. Safari hii alitazama watu usoni.

Bwana Usafiri alicheka. “Daktari, magari haya yanafanana kama mayai. Mtu anaweza kusimama akasema mlango wowote ni wa gari lolote. Ana ushahidi gani?”

“Mimi huandika,” fundi akasema.

Ndiyo ilivyokuwa. Kila mlango aliowahi kuufungua maishani, kabla hajarudishia kava ya ndani, aliandika kwa kalamu nene juu ya ile nailoni inayozuia maji: tarehe, kazi aliyofanya, na jina lake. Hakuna mteja aliyewahi kuona. Bosi alizoea kumtania, “Unawaandikia mende?” Yeye hujibu kwamba fundi asiyeona haya kuandika jina lake hafanyi kazi ovyo.

Wakatoka hadi uani. Wauguzi wawili wakasimama dirishani, wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuza shingo. Fundi Vioo akafungua mlango wa dereva wa gari la Bwana Usafiri, akatoa skrubu sita, akaing'oa kava. Kwenye nailoni, kwa wino mweusi, ilikuwa imeandikwa tarehe ya miaka miwili nyuma, na chini yake: Gari la wagonjwa. Mota mpya, raba mpya. Vioo.

Watu waliguna. Mkewe alimgeukia Daktari Mkuu. “Umeona, daktari? Umeona?”

Daktari Mkuu akainama, akasukuma miwani juu. “Na hii ya chini?”

Fundi Vioo akatazama. Chini ya mstari wa kwanza palikuwa na mstari wa pili, mwandiko ule ule, tarehe ya wiki tatu zilizopita: Nimehamisha. Vioo.

Aliandika lini? Hakumbuki. Mkono wake uliandika, kama unavyoandika siku zote, bila kumwomba ruhusa. Ni yeye tu duniani ambaye angeweza kuiba mlango kwa niaba ya mtu mwingine kisha akautia sahihi yake.

Bwana Usafiri aliusoma mstari ule kwa sauti, taratibu, kama mwalimu. “Nimehamisha. Vioo. Asante, fundi. Umeturahisishia. Kumbe aliyehamisha ni wewe, jina ni lako, tarehe ni yako. Mimi niliambiwa gereji kuna milango mizuri inauzwa. Nikanunua. Ningejuaje ilikotoka?”

“Mkuu, wewe ndiye uliyeyaleta magari yote mawili!”

“Nililileta la kituo kwa matengenezo. Ndiyo kazi yangu.”

“Bosi, sema basi.”

Bosi alikuwa akitazama viatu vyake. “Daktari, huyu kijana ana vibarua vyake vya Jumapili. Mimi siwezi kulinda kila bisibisi.” Kijana! Fundi Vioo alikuwa na mvi mbili kila upande.

“Dereva?” Daktari Mkuu akauliza.

“Mimi ni usukani tu, daktari,” mzee akasema, akaonekana kuwa mfupi zaidi kuliko alivyokuja.

Daktari Mkuu aliamua kama wanavyoamua watu waliochoka. Jumatatu fundi airudishe milango yote minne, hapo hapo uani, mbele ya macho yake. Kuhusu nani alimtuma nani, vyombo vinavyohusika vitachunguza. Kuhusu mhudumu, atafikiria.

Bwana Usafiri aliwafuata hadi getini. Sauti yake ilikuwa ya urafiki, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi.

“Fundi, nakusemesha kama ndugu. Rudisha milango, funga mdomo, yaishe. Askari wa nini? Watu hupoteza milango. Lakini ukishikilia kwamba kitasa kilikuwa kibovu na wewe ulikijua, ehe, hapo mtu ameumia. Huo si wizi tena, umemvunja mtu mkono. Utalala ndani, kaka. Acha tu ibaki kwamba mama alisahau. Kusahau si dhambi.”

Alisema hivyo mbele ya mama mwenyewe, kana kwamba plasta ile imefungwa juu ya ukuta.

 

Jumamosi na Jumapili nyumba ile haikuwa nyumba. Watoto walielewa kwamba wasiulize. Fundi alimwogesha mkewe, akamchana nywele vibaya, akakatakata vitunguu. Hawakuzungumza ila la lazima.

Aliyesema ni Bibi, Jumapili mchana, sahani zikiwa bado mezani.

“Mkwe wangu, mkono utapona. Jela haiponi. Wewe waachie hayo maneno yao. Utapata kazi nyingine, hata ya kufagia.”

“Nami niitwe mzembe.”

“Jina haliui mtu.”

“Mama, kama ni jina lako, ungesema hivyo?”

Bibi akakusanya sahani. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimpigania, na alijua kwamba mkwewe amelijua hilo. Akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi.

Mwanamke akamgeukia mumewe. “Mimi sitakwambia useme wala usiseme. Nimeshasema ninachotaka. Sitarudia kama ombaomba.”

“Nimekusikia,” fundi akasema.

 

Jumatatu asubuhi magari mawili yalipangwa ubavu kwa ubavu kwenye ua wa kituo cha afya. Fundi Vioo alianza saa mbili. Alitoa milango minne ya gari la Bwana Usafiri, akailaza juu ya maboksi. Akatoa milango minne ya kutu ya gari la wagonjwa, akaiweka chini, kwenye vumbi. Alipoufikia ule wa nyuma kushoto alifungua kitasa, akautoa mpira wa baiskeli kwa koleo. Ulikuwa umekatika katikati. Alikwenda nao hadi kwa Daktari Mkuu, akamwekea mkononi, akarudi kazini.

Alikata maungio yote ya nyaya, akaunga upya, waya kwa waya, rangi kwa rangi. Dereva mzee alikuja bila kuitwa, akamshikia mlango kwa mikono miwili wakati wa kufunga bawaba. Hakuna aliyemshukuru wala yeye hakutaka. Bwana Usafiri alikuwa kivulini pamoja na Bosi, akitazama saa kila baada ya dakika tano. Kufikia saa sita vioo vyote vinne vilipanda ulipobonyeza juu, na vilishuka ulipobonyeza chini.

Fundi Vioo akafuta mikono, akaanza kurudisha spana kwenye sanduku.

“Na yangu?” Bwana Usafiri akauliza.

“Ipi, mkuu?”

“Milango yangu. Nifungie niondoke.”

“Yako hiyo hapo chini. Niliambiwa nirudishe milango ya kituo. Hiyo sikuambiwa.”

“Usinichezee! Nitaendeshaje gari halina milango?”

“Wagonjwa waliendeshwa,” fundi akasema. Na hapo sauti yake ikapanda, watu wa foleni wote wakasikia, hadi wa dirisha la dawa. “Daktari, andika. Kitasa cha nyuma kushoto kilikuwa kibovu. Nilikijua, nikakifunga na mpira huo ulioushika. Nilihamisha milango minne kwa amri ya bosi wangu, kwa faida ya bwana huyu. Ukitaka kuandika majina yao andika, usipotaka acha, nitayasema mwenyewe kila nitakakopelekwa. Lakini andika kwamba mhudumu wako alifunga mlango.”

“Fundi,” Bwana Usafiri akasema polepole, “unajua unachojifanyia?”

“Nakijua vizuri kuliko nilivyojua nilipokufanyia wewe.”

Askari alikuwa ameshafika, mmoja, kwa miguu, jasho linamtiririka. Aliitwa na Bwana Usafiri mwenyewe tangu asubuhi, kwa tahadhari. Daktari Mkuu alibaki ameushika ule mpira kwa vidole viwili, akitazama huku na huku kama anayetafuta mahali pa kuuweka.

“Haya mambo,” akaanza, “yana taratibu zake. Tutaunda kamati...”

Mke wa fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi, aliondoka hapo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gari la wagonjwa, akaufungua mlango wa nyuma kushoto kwa mkono wake mzima. Akauvuta. Ukafunga kwa mlio mmoja mzito. Akausukuma kwa bega, lile la upande wa plasta, uso ukamkunjamana kwa maumivu, na mlango haukutikisika.

“Hivi,” akasema. “Siku ile pia nilifunga hivi hivi. Kuna anayetaka nirudie?”

Akaufungua tena. Akaufunga tena. Akasukuma tena kwa bega. Mara ya tatu muuguzi mmoja dirishani akasema, “Jamani, mwandikieni!” na foleni ikaitikia, mwandikieni, mwandikieni, hadi mtoto mmoja mgonjwa akaamka akaanza kulia.

Daktari Mkuu akaomba kalamu. Aliandika juu ya boneti ya gari, mistari miwili, akapiga muhuri: Ajali ilisababishwa na kitasa kibovu. Mhudumu hana kosa. Majina mengine hayakuwepo. Mwanamke alisoma mara mbili, akaikunja karatasi kwa meno na mkono mmoja, akaitia kifuani.

Kisha askari akakohoa. “Sasa twende. Usafiri uko wapi?”

“Usafiri gani?” Bwana Usafiri akauliza.

“Kituo chetu cha polisi hakina gari, mkuu. Mlalamikaji ndiye hutoa usafiri wa mtuhumiwa. Ndivyo tunavyofanya siku zote.”

“Si mnaona gari langu lilivyo?”

“Naona, mkuu. Lakini injini si inawaka?”

Gari la wagonjwa halingeweza kwenda, kwani dereva mzee alikuwa ameshaliwasha kumfuata mgonjwa upande wa pili wa kilima. Bwana Usafiri alitazama ua mzima akitafuta mtu wa kumwokoa. Bosi aliondoka zamani. Akapanda gari lake, upepo ukamwingia kulia na kushoto, tai ikamrukia begani. Askari akapanda mbele. Fundi Vioo akamkabidhi mkewe sanduku la vifaa.

“Zito hilo,” akamwambia.

“Nitalibeba.”

“Msamaha ule...”

“Nilisema nikipona.” Aliliinua sanduku, akayumba kidogo, akasimama imara. “Nitakuletea chakula. Usidhani nimesamehe.”

Fundi akapanda nyuma, upande wa kushoto, akashika nguzo ya paa kwa mikono miwili. Mbele yao barabara ilikuwa ile ile ya kilima, mashimo yale yale. Bwana Usafiri alitia gia kwa hasira, gari likaruka mbele, vumbi likawajaa wote watatu kwa usawa.

“Polepole, mkuu,” Fundi Vioo akasema nyuma ya kisogo chake. “Huku nyuma watu huanguka.”